Lori la taka la gesi litajazwa wapi?

Mhariri,

Tangu jaa la Kiteezi liporomoke tarehe 10 Agosti 2024 na kufukia watu zaidi ya 30, mjadala wa taka za Kampala umejaa mapendekezo ya mashine. Mawili yanarudiwa sana: lori lenye mkono unaonyanyua pipa bila mtu kushuka, na lori linalotumia gesi asilia badala ya dizeli. Yote mawili yapo na yanafanya kazi kwingineko. Lakini mkono unategemea pipa na gesi inategemea mahali pa kuijazia, na hivyo viwili Kampala haijaviandaa. Ombi letu ni kwamba lori linunuliwe mwisho, si mwanzo.

Lori la mkono wa pembeni huendeshwa na mtu mmoja. Dereva husimama sambamba na pipa la lita 120 au 240, mkono hulikumbatia, hulipindua na kulirudisha chini kwa sekunde kama 10. Ili sekunde hizo 10 zipatikane, mapipa yote sharti yawe ya kipimo kimoja, yasimame ukingoni mwa barabara, kila pipa liwe na nafasi ya mita moja hivi pembeni isiyo na gari, nguzo wala boda boda, na juu pasiwe na nyaya. Mitaa ya namna hiyo ipo Kololo, Naguru na sehemu za Bugolobi na Muyenga. Bwaise, Katanga na Kisenyi haipo, na huko taka hutolewa kwenye magunia. Mkono haukamati gunia.

Uzito ndio unaosahaulika zaidi. Taka zetu nyingi ni maganda ya matoke, majani na mabaki ya sokoni, yote mabichi. Kwa viwango vya Ulaya pipa la lita 240 limeundwa kubeba kilo 96, yaani gramu 400 kwa kila lita. Maganda yaliyoshindiliwa na kunyeshewa huvuka hapo kwa urahisi. Kinachofuata ni kukatika kwa ekseli ya magurudumu ya pipa, kisha kupasuka kwa mdomo wake, na mwishowe pini za mkono wa lori kulegea. Kwa taka za aina hii, pipa la nyumbani lisizidi lita 120.

Boksi la lori, yaani sanduku linalobeba taka, lina tatizo hilo hilo. Kwa sheria ya uzito wa magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016, lori la ekseli mbili haliruhusiwi kuzidi tani 18: 8 mbele na 10 nyuma. Lori la kushindilia likiwa tupu lina tani 11 hadi 12, hivyo linabakiwa na tani 6 au 7 za kubeba. Boksi la mita za ujazo 14 likijaa taka mbichi zilizoshindiliwa hufika tani 9, na sehemu kubwa ya mzigo hulalia nyuma. Mashine hizi zilibuniwa kwa taka kavu za karatasi na maboksi, ambazo hubanwa hadi robo ya ujazo wake. Maganda ya matoke hayabanwi hivyo, hukamuliwa. Maji yake makali hushukia sili za haidroliki, nyaya za vihisi (sensa), na barabara. Lori la mkono lina vihisi vingi zaidi, na kimoja tu kikifunikwa na tope mkono wote hugoma, kwa sababu programu yake haikubali kuuinua bila kujua ulipo.

Sisi tungeanzia masokoni: Nakasero, Owino, Kalerwe, Nakawa. Huko panafaa pipa la magurudumu manne la lita 1,100 na lori lenye kinyanyuo cha haidroliki nyuma. Watu wawili husukuma pipa hadi kwenye ndoano, kinyanyuo kinafanya mengine, na hakuna anayebeba taka kichwani wala kuzama ndani ya boksi. Pipa hilo lina kikomo cha kilo 440, na kwa uzito huo halisukumiki kwenye udongo. Kwa hiyo zege la kusimamishia mapipa limwagwe kabla ya mapipa kufika. Kinyanyuo chenyewe kiwe na uwezo wa kilo 600 au zaidi, maana uzito wa pipa tupu nao unahesabiwa.

Sasa gesi. Uganda haina bomba la gesi asilia. Ziwa Albert lina mafuta, na gesi inayotoka pamoja nayo imepangiwa umeme wa mitambo ya huko na gesi ya kupikia. Magari ya Dar es Salaam yanatumia gesi ya kisiwa cha Songo Songo, inayozalishwa tangu 2004, kwa kuwa bomba linafika mjini. Kuileta Kampala kwa lori ni hesabu mbaya. Trela la mitungi ya chuma hubeba kama tani 4 za gesi, ambayo ni sawa na lita 5,200 hivi za dizeli. Safari ya kwenda na kurudi inazidi kilomita 3,000, na kwa lita 40 kila kilomita 100 lori hilo linachoma lita 1,200. Karibu robo ya nishati inaishia njiani.

Methani, ambayo ndiyo sehemu kuu ya gesi asilia, iliyo karibu iko kwenye maganda yale yale. Tani moja ya maganda safi, yasiyochanganywa na kaveera (mifuko ya plastiki), hutoa takriban mita za ujazo 100 za biogesi, yaani gesi ya taka zinazooza, na ndani yake mna kama kilo 40 za methani. Lori la taka linalotumia lita 60 za dizeli kwa siku litahitaji kilo 55 hivi za methani, tukikumbuka kwamba injini ya gesi, inayowashwa kwa plagi, inatumia nishati zaidi kidogo kuliko ya dizeli. Kwa hiyo tani moja na nusu ya maganda inaendesha lori moja kwa siku nzima, na tani 15 zinaendesha malori 10. Soko kubwa haliwezi kukosa kiasi hicho.

Kazi iko kwenye tangi la kuozeshea maganda. Tani 15 zikichanganywa na maji kiasi hicho hicho na kukaa siku 30, tangi linahitaji mita za ujazo 900. Maganda na mikungu yakatwekatwe hadi sentimita 2 au 3, la sivyo nyuzinyuzi huelea juu na kufanya utando mgumu unaozuia gesi. Mbegu ya kuanzia, yaani vijidudu vya kuozesha, ipatikane machinjioni, kwenye mabaki ya tumbo la ng'ombe. Joto liwe nyuzi joto 35 hadi 38. Kosa linaloua mitambo hii ni pupa: tangi likilishwa kiasi kamili tangu wiki ya kwanza, asidi hupanda, pH (kipimo kinachoshuka asidi ikizidi) hushuka chini ya 6.8, na vijidudu vinavyotoa methani hufa. Lilishwe robo, kisha nusu, kwa miezi miwili au mitatu. Kaveera nayo hujisokota kwenye shafti ya kuchanganyia hadi mota iungue, ndiyo maana tunasisitiza mapipa ya sokoni yatenganishwe kabla ya jambo jingine lolote.

Gesi ikitoka tangini bado haifai kwa lori. Salfidi ya hidrojeni iondolewe kwa oksidi ya chuma, kwani hula mitungi. Kabonidioksidi ioshwe kwa maji yenye mgandamizo wa baa 8 hadi 10, mpaka methani ifike asilimia 95. Kisha ikaushwe sawasawa. Unyevu ukibaki, gesi inaposhushwa kutoka baa 200 hupoa ghafla, barafu huziba regileta (kidhibiti cha mgandamizo), na lori huzimika katikati ya barabara.

Kuhusu kujaza, tunapendekeza kujaza polepole usiku, malori yakiwa yameegeshwa. Kompresa (mashine ya kugandamiza gesi) ya mita za ujazo 100 kwa saa, yenye mota ya kilowati 30, inatosheleza malori 10 kwa saa 8. Kujaza kwa haraka hupasha gesi joto, na mtungi unaoonyesha baa 200 jioni hushuka hadi 160 au 170 ukipoa. Lori moja libebe mitungi mitano ya chuma ya lita 80, ambayo ni kama kilo 400 za kupunguzwa kwenye mzigo unaoruhusiwa.

Kuna hatari moja ya kwetu ambayo kijitabu cha mtengenezaji hakitaitilia mkazo. Kampala inapikia mkaa, na majivu yenye kaa hai hutupwa pamoja na taka. Moto ndani ya boksi si jambo geni. Mitungi ikiwa juu ya boksi, moto huo unaifikia. Valvu ya usalama huyeyuka kwenye nyuzi joto kama 110 na kuachia gesi, lakini ikiwa upande mmoja tu wa mtungi mrefu, moto unaweza kuunguza upande wa pili kabla valvu haijapata joto, na mtungi ukapasuka. Mitungi iwekwe nyuma ya kabini, ikingwe kwa bamba la chuma, iwe na valvu ncha zote mbili, na ikaguliwe na fundi mwenye cheti kila miaka 3. Majivu yapewe ndoo yake ya chuma kila mtaa.

Kwa hiyo tunaiomba Mamlaka ya Jiji la Kampala (KCCA), na yeyote atakayeandika zabuni, ianze na zege, mapipa na kutenganisha taka kwenye masoko mawili. Ufuate mtambo wa gesi, ufanye kazi miezi sita mfululizo huku kilo za methani safi zikipimwa kila siku. Idadi ya malori ya gesi iamuliwe kwa kugawanya kilo za siku mbaya zaidi kwa 55, mahitaji ya lori moja kwa siku. Yakitoka matano, yanunuliwe matano, na mengine yaendelee na dizeli.

Mafundi wa magari ya taka,
Kampala