Rushwa hailainishi uchumi, inaukwamisha

Mhariri,

Ipo hoja isiyoisha katika mijadala ya uchumi: kwamba penye urasimu mzito, rushwa husaidia. Mfanyabiashara anatoa kitu kidogo, leseni inatoka, kiwanda kinafunguliwa, vijana wanapata kazi. Mkono mtupu haulambwi, tunaambiwa. Hata wasomi waliitetea, Nathaniel Leff mwaka 1964 na Samuel Huntington miaka minne baadaye.

Naipinga, kwa sababu inauchukulia urasimu kama mvua, jambo lisilo na mwenyewe. Anayelificha faili ndiye huyo huyo anayengoja mlungula. Akishajua kwamba "njoo kesho" ina bei, ataongeza kesho nyingine. Daniel Kaufmann na Shang-Jin Wei walilinganisha kampuni za nchi nyingi na mwaka 1999 wakaeleza walichokuta: zinazohonga zaidi ndizo zinazopoteza muda mwingi zaidi na maofisa.

Hasara kubwa, hata hivyo, haiko dirishani pa leseni. Iko kwenye bajeti. Vito Tanzi na Hamid Davoodi wa Shirika la Fedha la Kimataifa walionyesha mwaka 1997 kuwa ufisadi unapozidi, miradi mipya ya serikali huongezeka huku fedha za matengenezo zikipungua. Si ajabu. Barabara mpya ina zabuni nono na asilimia kumi ya mtu ndani yake. Kuziba mashimo ya barabara ya zamani hakumnufaishi mkubwa yeyote. Kibaya zaidi, mwaka inapojengwa barabara hiyo huhesabiwa kwenye pato la taifa, nasi tunasifia ukuaji. Lami inabanduka, mkopo unaendelea kulipwa. Kwa hiyo nikiambiwa nchi fulani ni fisadi na bado inakua, huuliza kwanza: ni nini hasa kinachokua?

Dawa moja iko mikononi mwenu. Kati ya 1991 na 1995, shule za msingi nchini Uganda zilipokea kwa wastani asilimia 13 tu ya ruzuku zilizotengewa. Serikali ikaanza kutangaza magazetini kiasi kilichotumwa kila wilaya, na kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika.

Tupeni basi ukurasa mmoja kila mwezi: mradi, mkandarasi, bei ya zabuni, kiasi kilicholipwa. Kwenda kuangalia kama daraja lipo tutakwenda wenyewe.

Msomaji wenu