Usiyachome majani ya mvinje

Bagamoyo, 6 Julai

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Sisi wazima, Mama anakusalimu, goti lake limetulia tangu mvua zikatike. Nimenyamaza tangu arusi ya Zuhura, unisamehe. Lakini jana Salimu kapita hapa akitokea Tanga, kasema mnasafisha kile kiwanja cha ufukweni, na majani ya mvinje mmeyarundika myachome Jumamosi. Usiku mzima nimekuwaza. Mwanaidi, usiyachome.

Unakumbuka bustani yangu ya kule kwenye mchanga mpya, ule uliosukumwa na bahari? Mwaka jana nilifukia majani ya mvinje, nikapanda mchicha juu yake. Ukatoka, ukafika urefu wa kidole, ukageuka manjano kama bizari. Mama akasema chumvi, nami nikaamini.

Rashidi alipokuja likizo kutoka Morogoro, tukakata chandarua chakavu, tukashona vifuko viwili. Tukatia majani ya mvinje uzito sawa, kwa mizani ya dukani kwa Mzee Kombo. Kimoja tukafukia mchangani, kingine chini ya mwembe wa uani. Masika yote. Tulipofukua, cha mwembeni kimepungua karibu nusu. Majani yameshikana kwa nyuzi nyeupe za kuvu, yananukia udongo ulionyeshewa. Cha mchangani kama tulivyokitia. Ukilivunja jani linalia vilevile, kak!

Rashidi anasema mchanga ule bado mchanga kwa umri pia. Vijidudu vya kuozesha vimo, ila vichache, na akiba ya nitrojeni, ile rutuba inayokijanisha mmea, ni haba mno. Jani la mvinje ni gumu, lina kaboni tele na nitrojeni kidogo. Vijidudu vinataka sehemu 1 ya nitrojeni kwa kila sehemu 25 za kaboni hivi. Visipoipata kwenye jani vinaikomba mchangani, mchicha ukabaki na njaa. Kumbe sikuwa na chumvi, nilikuwa na wageni wengi na sufuria moja! Akanisimulia kisiwa cha Surtsey, kule Aisilandi, kilichozuka baharini kwa volkano mwaka 1963. Miaka zaidi ya ishirini mimea ilikuwa ya kuhesabu, hadi shakwe walipoanza kutaga kwa wingi na kumwaga vinyesi vyao vyenye nitrojeni. Ndipo pakaota.

Basi sasa nami napanga tabaka la mvinje, tabaka la samadi ya mbuzi, namwagia maji, nafunika makuti. Juzi nimetia mkono ndani: joto, na zile nyuzi nyeupe zimeanza. Nilikaa pale mpaka adhana ya magharibi. Wewe ukiyachoma, karibu nitrojeni yote iliyomo inapaa na moshi, unabaki na jivu.

Habari za Salimu na ule mkopo... basi, hizo mpaka tuonane.

Nina ombi. Nitumie kwa mkono wa Salimu debe moja la udongo wa chini ya ile mivinje mikongwe ya kwa bibi yako. Vijidudu vilivyozoea jani lile mara nyingi hulila upesi kuliko vya mwembeni.

Je, mmeshayachoma? Mbuzi wa shemeji bado wapo, samadi yao inakwenda wapi? Kisima cha kiwanjani maji yake matamu au ya magadi? Na bibi anaendeleaje na macho? Utakuja lini?

Wako,
Hadija