Mpira wa maji na machela vikae chumba kimoja

Kwako Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu,

Assalaam alaykum.

Mimi ni mtu wa Langoni, mtaa wa mji wa Lamu. Miaka saba nilikuwa zimamoto katika nchi moja ya Ghuba, na kule zimamoto si mtu wa maji peke yake. Ndiye pia anayepiga magoti kando ya mgonjwa, akamtia hewa, akamfunga jeraha, akamfikisha kwa daktari yu hai. Sasa nimerudi nyumbani. Mchana natengeneza mashine za boti. Usiku pakipigwa ukelele natoka na vijana wa mtaani, tuko kumi na mmoja, kwa kujitolea. Ombi langu ni moja, nalisema mapema usije ukalitafuta chini ya barua: kaunti inapoajiri watu wa kuzima moto na watu wa ambulensi, isiajiri makundi mawili. Watu wale wale wafunzwe kazi zote mbili, walipwe kwa zote mbili, na mpira wa maji na machela vikae chumba kimoja hapo pwani.

Sheria haikatazi. Katiba ya 2010, kwenye Jedwali la Nne, pale panapoorodheshwa kazi za kaunti, imetaja huduma za ambulensi chini ya afya, ikashuka kidogo ikataja uzimaji moto na kukabili majanga. Zote mbili ziko mlangoni kwako. Kifungu cha 43 kikaongeza kwamba mtu hanyimwi matibabu ya dharura. Hakikusema isipokuwa yule anayekaa mahali gari haliingii.

Maana hapo ndipo penye shida yetu. Mji wa kale wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na vichochoro vile vile wageni wanavyovipiga picha ndivyo vinavyotuchelewesha. Punda wawili wenye mizigo wakikutana, mmoja lazima arudi nyuma. Gari kubwa la zimamoto, hata ukilileta kesho kutoka Mokowe, ng'ambo ya bara, litasimama pwani likitazama bahari. Kutoka hapo ni miguu na mabega. Anwani zetu ni misikiti na majina ya nyumba, na king'ora chetu mara nyingi ni kipaza sauti cha msikiti. Kwa hiyo wale watu wanne watano wanaofika kwanza ndio zimamoto, ndio ambulensi, ndio kila kitu. Akifika mtu anayejua nusu ya kazi, nusu ya pili inamsubiri mgonjwa hospitalini, kama atafika.

Nikueleze kisa kimoja, na kosa ni langu.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, wakati wa masika. Nyumba moja si mbali na kwetu kulikuwa na mzazi, mama aliyejifungua, siku ya tisa ya arobaini yake. Alikuwa amewekewa jiko la makaa uvunguni apate joto, na kwa sababu ya mvua dirisha limefungwa na tambara limesokomezwa chini ya mlango. Unazijua kuta zetu zile, nene kama za ngome. Ncha ya shuka ikashika moto, watu wakapiga kelele, tukaja na ndoo. Moto wenyewe ulizimwa kwa ndoo tatu. Mtoto alikuwa kwa bibi yake chumba cha pili, hakupatwa na kitu. Mama tukamtoa, tukamkalisha barazani hapo dakani. Akasema kichwa kinamgonga, akatapika mara moja, akaomba maji. Tukasema alhamdulillahi, amepona. Aliyelisema kwa sauti kubwa ni mimi. Nikachukua ndoo yangu nikaenda kulala, nikijiona mwanamume.

Wiki ya tatu yake akaanza kusahau. Anateleka maziwa, anatoka, yanaungua. Anauliza jambo, anajibiwa, anauliza tena. Siku moja akasimama mlangoni na mtoto mkononi akawa hakumbuki alikuwa anakwenda wapi. Watu wakasema ni pepo. Wakamfukizia, ndani ya chumba kile kile, juu ya makaa.

Nilikuja kujua kilichompata nikiwa darasani kule Ghuba, mwalimu akichora ubaoni. Hewa ya makaa, kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu. Inaing'ang'ania damu zaidi ya mara mia mbili kuliko oksijeni. Ukimwacha mtu avute hewa hii ya kawaida, nusu ya ile sumu inachukua kama saa nne au tano kutoka. Ukimvika barakoa ya oksijeni tupu, nusu hiyo inatoka kwa muda wa kama saa moja na nusu. Tena mtu anaweza kuonekana mzima kabisa, kisha baada ya wiki kadhaa akili ikaanza kuyumba. Hapo niliweka kalamu chini. Wenzangu walidhani nimechoka.

Na jambo linalonifanya nikuandikie wewe badala ya kuwahadithia watu barazani ni hili. Siku hizi kile kidude cha kubana kidole kinachopima oksijeni kinauzwa mpaka kwenye maduka ya dawa. Kingekuwapo usiku ule kingesoma 98 au 99, na tungefurahi zaidi. Kidude kile cha kawaida hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na damu iliyobeba sumu ya moshi. Zote kwake ni nyekundu, zote ni nzuri. Sasa mtazame mtu wa ambulensi ambaye hajui moto: anaona 99, anamwambia mgonjwa arudi nyumbani. Mtazame zimamoto ambaye hajui mwili: anaona moto ulikuwa wa ndoo tatu, anakunja mpira wake. Wote wawili wamefanya kazi yao kama walivyofunzwa. Anayejua zote mbili ndiye atakayeuliza: chumba kilifungwa? Jiko lilikaa humo saa ngapi? Kichwa kinauma? Kisha anamvika barakoa bila kusikiliza kidude kinasema nini, na hamwachi mpaka amfikishe hospitali.

Kinyume chake kipo vilevile. Mhudumu mwenye moyo mwema asiyejua moto ataingia nyumba ya mawe akidhani jiwe haliungui. Mheshimiwa, sisi ni watu wa chokaa, wazee wetu wamechoma matumbawe kwenye matanuri wapate ya kujengea. Basi ukuta huo huo ukipata moto mkali wa kutosha, unaanza kurudi kuwa chokaa, unabomoka. Juu yake kuna dari ya mawe iliyobebwa na boriti za mikoko. Boriti haishiki moto upesi kama makuti, lakini ikishaliwa, dari haikutumii salamu. Na pale penye wikio, nyumba mbili zimeshikana mikono juu ya njia, kwa hiyo moto unavuka bila kushuka chini. Mtu wa kuokoa lazima ajue kuyasoma haya kabla hajainama kumshika majeruhi, ama sivyo majeruhi watakuwa wawili.

Makuti sina haja ya kukueleza. Kaskazi ikivuma na kila kitu kimekauka, cheche moja inaruka paa tatu, na dawa yake ni ile ya wazee: shusha paa la jirani kabla halijashika, halafu mtamlipa.

Kuhusu kuungua niseme kidogo tu. Bado tunapaka dawa ya meno, unga na asali. Inayotakiwa ni maji safi yanayopita juu ya jeraha kwa dakika ishirini, na mwenye maji mengi kuliko wote usiku wa moto ni zimamoto. Anayepita mbio na ndoo amempita mgonjwa wake mlangoni.

Sikuleta wazo jipya. Mwaka 1967 huko Pittsburgh, Marekani, kwenye mtaa wa watu weusi ambao ambulensi ilikuwa haiji au inakuja imechelewa, vijana ambao wakubwa wa mji waliwahesabu hawafai kazi yoyote walifunzwa tiba ya dharura chini ya daktari Peter Safar. Kikosi chao, Freedom House, kikawa miongoni mwa vya kwanza nchini humo kumtibu mgonjwa njiani badala ya kumbeba kama mzigo. Miaka michache baadaye Los Angeles na Seattle zikawapa wazimamoto wao mafunzo ya namna hiyo, kwa sababu rahisi sana: wapo kila mtaa, na usiku wako macho. Leo zaidi ya nusu ya simu zinazopigwa kwa vikosi vya zimamoto Marekani ni za wagonjwa. Hata kule nilikokuwa mimi, nilizalisha wanawake wanne garini na nilizima moto mkubwa mara mbili.

Lakini sitakuuzia jambo hili kama dalali. Lina gharama zake na afadhali uzisikie kwangu. Mtu mmoja hawezi kuwa ndani ya moshi na kando ya mgonjwa kwa wakati mmoja, kwa hiyo kila wanapotoka lazima mmoja wao ajulikane kwamba yeye usiku huo haingii ndani hata iweje. Na ni vigumu, kwa maana damu inachemka. Ujuzi wa tiba nao unapata kutu upesi kuliko mashine ya boti. Mtu asiyemwekea mgonjwa sindano miezi sita mkono wake unatetemeka, kwa hiyo kila mwezi wapewe zamu kadhaa hospitalini, chumba cha dharura, wasikae kituoni wakicheza bao. Na kazi yenyewe inakula mwili: mwaka 2022 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kazi ya uzimamoto kwenye kundi la mambo yanayosababisha saratani bila shaka. Wapimwe kila mwaka, na nguo za moto zifuliwe kituoni, zisipelekwe nyumbani kwa watoto.

Mishahara siiongelei sana. Ila mtu mwenye vyeti viwili akilipwa kwa kimoja, cha pili atakipeleka Ghuba. Namjua mmoja aliyefanya hivyo, ndiye huyu anayekuandikia.

Kuhusu vifaa, nakusihi usikubali kuuziwa gari. Tunachohitaji ni pampu ndogo inayobebwa na watu wawili, na nyingine ya kuelea. Hii ya kuelea nitaitetea, kwa maana mimi ni fundi na nimeyaona. Maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela, si ya kumwaga kwenye moto wakati bahari iko hapo. Lakini bahari yetu haikai. Usiku wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita siku nyingine, mwezi ukiwa wa siku kumi na tano au kumi na sita, saa nne saa tano usiku maji yamekupwa, na ukutani pwani pamebaki matope na kamba za majahazi. Pampu ya kawaida ukiiweka ukutani, mpira wake wa kuvuta unaishia kwenye tope. Ya kuelea unaipakia kwenye boti, unaifuata bahari ilikokwenda, mpira unarudi nyuma hadi mjini. Ukimaliza unaiosha ndani kwa maji matamu, kama tunavyoosha mashine, ama sivyo chumvi itaimaliza.

Na boti hiyo hiyo, Mheshimiwa, ndiyo ambulensi. Iwe na nahodha anayelala kituoni, anayeijua Mkanda, ile njia nyembamba ya bahari kati ya Manda na bara, gizani wakati maji madogo, na mtungi wa oksijeni uliofungwa usibiringike. Mzazi wa kisiwa cha Pate aliyekwama uchungu hasubiri maji yajae. Kutoka Mokowe hadi Malindi bado kuna kilomita zaidi ya mia mbili za barabara, kwa hiyo anayemsindikiza awe anajua kumweka hai njia nzima.

Sitarajii ujibu kwa barua. Nakualika. Chagua bamvua lijalo, saa nne usiku, maji yakiwa yamekupwa. Tutaanzia ndani kabisa ya Langoni, nyumba ya mwisho kabla ya mashamba, twende mpaka gatini na tushuke ngazi hadi botini, tukiwa na machela, mtungi wa oksijeni na mpira wa maji, watu watano tu. Wewe ushike saa. Au, kama utaniwia radhi, saa ashike msaidizi wako, na wewe ulale kwenye machela.

Wako,
Zimamoto wa kujitolea, Langoni