Vyuma vinavyoyeyuka mwilini: swali ambalo halikuulizwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe maoni yangu kuhusu makala mliyochapisha hivi karibuni juu ya vifaa vya magnesi, metali nyepesi, iliyochanganywa na kauri, ambavyo vinatarajiwa kuushika mfupa uliovunjika na baadaye kuyeyuka vyenyewe mwilini. Mmefanya vyema kuliandika jambo hili. Aliyewahi kumuuguza mtu aliyewekewa vyuma baada ya ajali ya bodaboda anajua kwamba mfupa ukishaunga, mara nyingi mgonjwa hutakiwa kurudi kuvitoa, na huko ni kulazwa upya, kupewa nusukaputi upya na kukaa tena nyumbani bila kazi. Hata hivyo, makala haikuuliza swali ambalo kwangu ndilo kiini cha jambo lote: kifaa hicho kinabaki na nguvu kwa muda gani kabla hakijayeyuka?

Sifa za magnesi zilielezwa vizuri. Mwili wa mtu mzima una takriban gramu 25 za madini hayo, zaidi ya nusu yake zikiwa ndani ya mifupa, kwa hiyo si kitu kigeni. Ukakamavu wake, yaani jinsi inavyokataa kunyumbuka, ni kama 45 kwa kipimo cha gigapaskali, ilhali titani hufikia 110 na chuma cha pua hukaribia 200. Mfupa wenyewe hauzidi 30, na unapofungwa kwenye chuma kikakamavu mno, chuma hubeba mzigo wote na mfupa uliokosa kazi hudhoofika.

Tatizo ni kwamba majimaji ya mwili yana chumvi. Kloridi iliyomo huuvunja utando mwembamba unaoikinga magnesi, na kila gramu inayolika hutoa karibu lita nzima ya gesi ya haidrojeni. Gesi ikitoka polepole mwili huiondoa bila shida, lakini ikitoka kwa kasi hukusanyika chini ya ngozi. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari wa Ubelgiji, Albin Lambotte, alifunga mguu uliovunjika kwa bamba la magnesi lililoshikwa na misumari ya chuma. Bamba lilisambaratika ndani ya siku 8 tu, likaacha gesi nyingi chini ya ngozi, kwa sababu metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi hufanya kazi kama betri, na inayoliwa ni magnesi.

Kauri huongezwa ili kasi ya magnesi kulika idhibitiwe na kifaa kiimarike. Inayotumika sana ni haidroksiapatiti, aina ya fosfeti ya kalsiamu inayofanana na madini ya mfupa wenyewe. Husagwa ikawa unga laini, ikachanganywa na unga wa magnesi, kisha mchanganyiko hushindiliwa na kupashwa moto bila kuyeyushwa. Wengine huikoroga ndani ya magnesi iliyokwisha kuyeyuka. Chembe zikisambaa sawasawa, huweza kusaidia tabaka la fosfeti kujengeka juu ya kifaa, na tabaka hilo hupunguza ulikaji na kuzipa seli za mfupa mahali pa kushika. Makala iliishia hapo, kana kwamba kauri ikizidi na faida huzidi. Sivyo. Chembe zikiwa nyingi hushikamana mabonge, vitundu hubaki katikati yake, majimaji hupenya humo, na ulikaji huanza kuchimba mashimo badala ya kula uso wote kwa pamoja. Skrubu ya namna hiyo inaweza kukatika ikiwa imepoteza sehemu ndogo tu ya uzito wake. Ndiyo maana nguvu iliyopimwa kifaa kikiwa kikavu maabara hainitoshi. Nataka kujua imebaki kiasi gani baada ya kifaa kuloweshwa kwa wiki 12 katika majimaji yanayofanana na ya mwili, yakiwa na joto la nyuzi 37.

Jambo jingine lililohitaji kutenganishwa ni kilichopo sokoni na kilichomo maabara. Skrubu za MAGNEZIX za Ujerumani zilipata idhini ya Ulaya mwaka 2013, na Korea Kusini iliidhinisha za kwake mwaka 2015. Hizo ni aloi, yaani mchanganyiko wa metali, zisizo na kauri, na kazi yake kubwa ni kwenye mifupa midogo, kama ya kidole gumba cha mguu. Mchanganyiko wenye kauri kwa sehemu kubwa bado unajaribiwa maabara na kwa wanyama. Msomaji aliyevunjika paja asiahirishe upasuaji akidhani kwamba chuma cha kuyeyuka kinamsubiri hospitali.

Ningeomba pia mwandishi wenu awatafute wataalamu wa mifupa na wa mionzi hapa nchini azungumze nao kuhusu picha za eksirei. Katika miezi ya mwanzo, gesi inayozunguka skrubu ya magnesi huonekana kama kivuli cheusi pembeni mwa kifaa, na daktari ambaye hajawahi kukiona anaweza kudhani kwamba mfupa umeingiwa na maambukizi, akamrudisha mgonjwa kwenye upasuaji ule ule ambao kifaa hiki kilibuniwa kumwepusha nao. Mafunzo hayo hayahitaji kungoja kiwanda wala maabara. Yanaweza kuanza sasa, kwa picha ambazo hospitali za Ulaya na Korea tayari zinazo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam