Tafadhali, Usiisugue Singe ya Zamani

Juzi mteja alikunjua taulo juu ya kaunta yetu hapa Birmingham. Ndani mlikuwa na singe ya Kiingereza ya karne ya 18, kile chuma kirefu cha kuchomea kinachovikwa kwenye mtutu wa bunduki, inameta kama kijiko kipya. Alikuwa ameisugua kwa msasa siku mbili kabla ya kutuletea tuithamini. Iliniuma, maana mtu mwenyewe si mzembe. Alidhani anaitunza.

Singe ya gobore la Brown Bess, bunduki ya askari wa Uingereza wa enzi hiyo, ina bapa la pembe tatu, urefu kama sentimita 43, na bomba la chuma la karibu sentimita 10 linalovikwa kwenye mtutu. Bomba lina mfereji wa kona-kona: unavika, unazungusha, inanasa kwenye kinundu kilicho juu ya mtutu. Bapa hukaa pembeni, hivyo askari aliweza kufyatua bunduki huku singe ikiwa imevikwa. Zile za kale zaidi zilichomekwa mdomoni mwa bunduki, na bunduki ikazibika.

Mabomba hayo yalirekebishwa kwa mkono yaingie kwenye mtutu wake, ndiyo maana mengi yamechorwa namba. Karibu na shingo ya bapa huenda ukakuta jina la mhunzi, au taji dogo la mkaguzi. Alama hizi hazina kina. Msasa ukipita mara chache zimekwenda, na bei imekwenda nazo, kwa sababu ndizo zinazotuambia singe ilitoka wapi.

Pitisha kidole. Kutu nyekundu inayoacha unga inaendelea kula chuma, hiyo tunaitoa: mafuta mepesi, tunailaza usiku kucha, kisha kitambaa cha pamba na kijiti cha mwanzi, polepole. Rangi ya kahawia iliyoiva, isiyochafua kidole, tunaiacha kabisa na kuipaka nta. Kama una ala yake ya ngozi, usiihifadhi singe humo. Ngozi hushika unyevu na asidi yake huozesha chuma.

Kwa hiyo ilete ilivyo, hata kama ina vumbi la darini na utando wa buibui. Kuitazama hatutozi.

Ile ya juzi tuliilaza chini ya taa ya pembeni. Kwenye bomba ilisomeka tarakimu moja, 7, na nusu ya nyingine. Tumeipaka nta, tukamrudishia mwenyewe.