Barua ya wazi kwa mdogo wangu aliye Birmingham

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Mama hajambo, isipokuwa magoti yanayomsumbua mvua zikianza, na watoto wanaendelea na shule. Nimesikia kwa mama mdogo kwamba umepata mtoto wa mbwa, Jack Russell dume, na kwamba umekwisha kujiunga na klabu huko ili umfundishe kuruka viunzi na hatimaye umwingize mashindanoni. Nimefurahi kwa ajili yako, wala sisemi hivyo kwa kukupaka mafuta, kwa maana tangu ukiwa mdogo hukuwahi kumpita mbwa njiani bila kuinama, na yule wa Bangwe uliyemficha nyuma ya jiko ukimgawia kitoweo chako, mama humtaja hadi leo. Lakini habari hiyo ilinikumbusha ule ubao wa mazoezi wa mbwa wangu, Dagaa. Nisipokuandikia sasa, kabla mtoto huyo hajafikishwa mbele ya ubao wake wa kwanza, nitakuwa nimenyamaza mahali pasipofaa kunyamaza.

Nakuandikia hadharani kwa sababu ujumbe ninaokutumia kwenye simu unausoma na hujibu, na pia kwa sababu wapo watu hapa Kigoma na kwingineko wanaofuga mbwa wadogo na kutamani kuwafundisha wanayoyaona kwenye video za Ulaya. Nao wasome.

Yote ninayoyajua kuhusu mchezo huu nimeyapata kwako. Jioni nyingi nilikaa chini ya mwembe hapa Gungu, simu nimeiegemeza kwenye ndoo, nawe ukinieleza kwamba mchezo ulianza mwaka 1978 katika maonyesho ya mbwa ya Crufts, wakati huo yakifanyika Olympia, London. Kwamba John Varley wa kamati ya maonyesho alitaka kitu cha kuwachangamsha watazamaji katikati ya ratiba, akamwendea mkufunzi wa mbwa Peter Meanwell, wakaiga mashindano ya farasi ya kuruka vizuizi. Na kwamba mwaka 1980 The Kennel Club, chama cha mbwa cha Uingereza, wakautambua rasmi. Ulinieleza hayo kwa furaha ya mtu anayesimulia habari za ukoo wake, nami niliyashika. Nilipokuuliza vipimo ulinipa, na nilivifuata kwa futikamba. Nguzo 12 za mianzi nilizisimamisha kwa umbali wa sentimita 60 kati ya moja na nyingine, nikamfundisha Dagaa aingie nguzo ya kwanza ikiwa upande wa bega lake la kushoto. Turubai la handaki lilishonwa na fundi wa sokoni Mwanga, ambaye aliuliza kila siku kama kweli ni kwa ajili ya mbwa. Tairi la pikipiki nililiomba kwa vijana wa bodaboda. Na ubao wa kupinda, ule unaoegemea katikati ili upande mmoja ushuke mwingine unapopanda, seremala aliuchonga kwa mninga, urefu wa mita 3.6, ukawa mzito kuliko tulivyotarajia.

Ukumbuke pia Dagaa alifikaje kwetu, kwa kuwa siku hizi unazungumza kana kwamba mimi nilimtafuta ili nikushindanie. Yule mgeni aliyekuwa akifanya kazi kwenye kambi za wakimbizi Kasulu alipomaliza mkataba wake, ni wewe uliyenipigia simu na kunisihi nimchukue, ukisema kwamba teria kama huyu, mbwa mdogo wa kuwinda mashimoni, hapatikani kirahisi mkoani kwetu. Nilimchukua kwa ajili yako. Alipougua homa ya kupe ulikesha nami kwenye simu hadi alfajiri, ukaniuliza kila mara kama amekunywa maji, na asubuhi ulituma fedha za daktari wa mifugo bila kuombwa. Sijalisahau hilo, wala sitalisahau. Ndiyo maana siku ile iliniuma zaidi, kwani kama angefanya vile mtu baki ningemfukuza na kumsahau.

Siku ile ni ile ya pili baada ya harusi ya binti wa kaka. Wakwe kutoka Kasulu walikuwa wamekaa kwenye mkeka mkubwa, pilau imeliwa, nawe ukasimama ukawaambia wataona jambo ambalo halijawahi kuonekana Kigoma. Nilikuambia pembeni, kwa sauti ya chini, kwamba Dagaa bado hajafika huko. Kwamba ubao ulikuwa kwenye kimo cha matofali mawili tu, na chini ya ncha yake nilikuwa nimeweka godoro la mtoto ili usigonge, kama ulivyonifundisha mwenyewe. Ukanijibu kwamba watu wanasubiri. Ukaliondoa godoro kwa mkono wako, ukaupandisha ubao kwenye egemeo lake la sentimita 60, na upande wa kushukia ukawa juu ya sakafu ya saruji.

Kwanza Dagaa alifanya kila kitu. Alipita handakini akatoka masikio yamelala nyuma kwa mbio, akaruka ndani ya tairi, akazipita nguzo zote 12 bila kuruka hata moja, na wale vijana wa Kasulu walipiga makofi. Alipofika kwenye ubao alipanda hatua chache, akausikia unavyoanza kulegea chini ya miguu yake, akashuka. Ukamrudisha. Akapanda, akasimama, akanitazama mimi, akashuka tena. Watu wakacheka, si kwa ubaya, lakini wewe ulicheka nao na uso wako ukabadilika. Ukamkamata kwa ngozi ya shingo, ukambeba hadi karibu na katikati, ukamsukuma mbele kwa kiganja. Ubao uliipiga saruji kwa mlio uliowafanya hata watoto waliokuwa barazani wageuke, na Dagaa akaanguka ubavu, akalia, akakimbilia chini ya tangi la maji huku mkojo ukimtoka. Nawe ukawageukia wakwe ukasema, dada yangu amemlea kama mtoto mchanga, ndiyo maana.

Nilikuambia utoke kwenye ua wangu. Nilisema kwa sauti, mbele ya wakwe, na ningesema vivyo hivyo leo. Ndugu wengi wamenilaumu kwamba niliivunjia heshima familia kwa ajili ya mbwa, na wapo walioniambia kwamba mbwa hawezi kuwa na hadhi kuliko ndugu wa tumbo moja. Hakuna hata mmoja wao aliyeuliza ni nani aliyeanza kuvunja heshima. Mama, ambaye chombo kilicholambwa na mbwa hukiosha mara saba, mojawapo kwa udongo, na ambaye hajawahi kumruhusu Dagaa kukanyaga mkeka wake, ndiye wa kwanza kusema siku ile, mwacheni mnyama wa watu. Ulimsikia. Mlikuwa mmekaribiana kuliko mimi.

Sasa nisikilize kuhusu huyo mtoto wako. Sheria ya kwanza uliyonifundisha ni kwamba ndani ya uwanja mkono wa mwongozaji haumgusi mbwa wala haukigusi chombo, na kwamba anayevunja sheria hiyo huadhibiwa na mwamuzi. Unamwongoza kwa sauti, kwa bega lako, kwa jinsi unavyoelekeza miguu yako, na yeye anaamua kukufuata. Mbwa akikikataa kiunzi anahesabiwa adhabu ya alama 5, na akikataa mara 3 anatolewa mashindanoni, lakini hata hapo hakuna mtu anayemnyanyua na kumtupa upande wa pili. Mchezo wote umejengwa juu ya ridhaa ya mnyama. Dagaa alikataa mara mbili. Kwa sheria za huko alikuwa bado ana haki ya kukataa tena na kuondoka na mkia wake juu.

Tena huyo ni teria, na hilo nalo nililisikia kutoka kwako kabla sijalielewa. Uliniambia habari za mchungaji wa kanisa John Russell wa Devon, Uingereza, ambaye aina ya mbwa wako imepewa jina lake, aliyeishi kati ya mwaka 1795 na 1883, ambaye akiwa mwanafunzi Oxford mwaka 1819 alimnunua jike aitwaye Trump kutoka kwa muuza maziwa, na kutoka kwa jike huyo akaanza kuzalisha mbwa wa kumfuata mbweha hadi shimoni. Fikiri kazi hiyo ilimtaka mbwa awe wa namna gani. Mbwa wa kuchunga kondoo humtazama mchungaji wake kwa kila hatua, na ndiyo maana akina Border Collie hutawala mashindano ya mbwa wakubwa. Teria alipelekwa peke yake gizani, mbele ya mnyama mwenye meno, mahali ambapo bwana wake hamwoni wala hawezi kumsaidia, na ilimpasa aamue mwenyewe asonge mbele au arudi. Mbwa wa jinsi hiyo akikuambia ardhi iliyo chini yake si salama, anafanya kazi aliyozaliwa kuifanya. Wewe uliita ukaidi. Mimi nilimfundisha kwa ulegevu, kama unavyouita, kwa sababu nilikuwa nimeyaamini maneno yako kuliko ulivyoyaamini mwenyewe.

Kwa hiyo mtoto huyo usimharakishe. Huko kwenu hataruhusiwa kushindana kabla ya kutimiza miezi 18, na muda huo ni zawadi kwako. Mifupa yake bado inakua, usimrushe juu ya viunzi virefu kwa sababu tu anaweza kuruka. Mwache aupende mlio kabla hajaupanda ubao. Weka ncha ya ubao chini kabisa, juu ya kitu laini, umtuze kila anapoigusa kwa mguu hadi aanze kuipiga mwenyewe kwa makusudi ili apate nyama, kisha ondoa ulaini kidogo kidogo, kisha pandisha kimo kidogo kidogo, na siku akisita rudi hatua mbili nyuma. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nikifanya. Dagaa alikuwa ameanza kuupiga ubao kwa mguu wake wa mbele huku akinitazama kudai kipande cha dagaa, na ungesubiri hadi likizo yako iliyofuata ungemkuta akivuka bila kushikwa. Nina uhakika na hilo, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naye kila jioni.

Leo hapandi kitu chochote kinachotikisika. Mfuniko wa sufuria ukianguka jikoni hukimbilia chini ya lile tangi, na geti la bati likibamizwa na upepo wa ziwani hutetemeka hadi nimshike. Daraja la mazoezi, ambalo halina mtikisiko wowote na ambalo alilivuka kwa mbio tangu wiki za mwanzo, halikaribii tena. Handaki tu ndilo analolipenda kama zamani, na nadhani ni kwa sababu ya damu yake. Chanjo ya kichaa cha mbwa anapata kila mwaka kwa wakati, anakula vizuri, na akiwa na watoto wangu bado ni yule yule. Ubao nilimrudishia seremala akautengeneza benchi, nao uko barazani kwa mama, Ujiji. Ulilalamika kwa mama mdogo kwamba nimeharibu kifaa ulichogharamia. Gharama yake niko tayari kukurudishia wakati wowote utakaotaja.

Umewaambia watu kwamba nina kinyongo. Nadhani wengi wanaosoma hapa watakuona wewe ndiye mwenye haki, kwa sababu wewe ni mgeni aliyesafiri mbali na mimi ni mwenyeji aliyepiga kelele mbele ya wakwe. Lakini mwenye kinyongo hakuandalii maelekezo ya kumlea mbwa wako. Sikuombei mabaya kwenye viwanja vya huko. Nakuombea siku moja umwongoze mtoto huyo bila kosa hata moja, na mama mdogo anitumie video, nami niitazame chini ya mwembe nikiwaambia watoto, huyu ni mjomba wenu. Kila nikiiwaza siku hiyo, namwona Dagaa amelala pembeni yangu, na nashindwa kuendelea kuiwaza, kwa sababu wewe hujawahi kuniuliza, hata mara moja tangu siku ile, hali yake ikoje. Umeniuliza habari za mama, za shamba la michikichi, za shule ya watoto, hadi za bei ya mawese. Habari za mbwa uliyenisihi nimchukue hujauliza, na kwangu mimi kimya hicho ndicho kizito kuliko mkono uliomsukuma.

Mama anauliza kama utakuja Idi. Njoo, anakuhitaji, na mwaka huu hawezi kwenda sokoni peke yake. Fikia kwake Ujiji, usifikie Gungu. Siku utakayotaka kuja kwangu nipigie kwanza, tuzungumze habari ya siku ile mimi na wewe tu, uniambie kwa mdomo wako ulichokifanya, ndipo nitakufungulia geti.

Dada yako.