Kabla ya tarehe 5 Aprili

Mikindani, Mtwara
8 Februari 2026

Shoga yangu Mwanahawa,

Asalaam aleikum, na salamu nyingi kutoka huku. Mama yako hajambo. Nilimpitia Ijumaa nikamkuta anapepeta mchele huku akilalamikia bei, maana Ramadhani iko mlangoni na wafanyabiashara wameshaanza mambo yao. Anauliza unakuja lini. Hilo utamjibu mwenyewe.

Sasa la pesa. Unasema una pauni 14,000 za nyumba, na unababaika kati ya akaunti ya akiba ya kawaida inayotoa asilimia 4.3 na ISA, ile akaunti maalumu ya akiba ya huko Uingereza, inayotoa 3.9, kwa kuwa kila mtu wodini anakwambia weka kwenye ISA, haina kodi. Wenzako hawakudanganyi, ila wanakupa nusu ya habari. ISA haina kodi, sawa. Je, kwenye hiyo ya kawaida wewe utakatwa?

Tangu Aprili 2016, huko Uingereza mtu wa daraja la kodi la asilimia 20 halipi kodi kwenye pauni 1,000 za kwanza za riba kwa mwaka. Akipanda daraja la asilimia 40, msamaha huo unashuka hadi pauni 500. Wa asilimia 45 hapati kitu, lakini huyo si mimi wala si wewe. Basi chukua karatasi. Pauni 14,000 kwa asilimia 4.3 zinazaa 602 kwa mwaka. Kwenye ISA zinazaa 546. Ukiwa daraja la chini, zile 602 hazifiki elfu, hukatwi hata peni, na ISA imekupunja pauni 56. Hata ukiwa daraja la juu, kinachotozwa ni 102 tu zilizozidi 500. Utakatwa kama pauni 41, na bado ya kawaida inaongoza kidogo.

Kwa hiyo kwa hesabu ya leo, wenzako wameshindwa. Ila mimi sipendi kuishia kwenye hesabu ya leo, kwa sababu nakujua: wewe ni mtu wa shifti za usiku na za wikiendi, na kila mwezi unaongeza akiba. Umesema mwakani unategemea kufika 25,000. Hapo mambo yanageuka. Kwa viwango hivyohivyo, akaunti ya kawaida itazaa 1,075. Ukibaki asilimia 20, utakatwa pauni 15 tu na kubaki na 1,060, wakati ISA ingekupa 975. Lakini ukivuka kwenda asilimia 40, zinatozwa 575, zinakatwa 230, unabaki na 845. ISA imekuzidi kwa pauni 130. Pesa ni ileile. Kilichobadilika ni shifti zako.

Mpaka wenyewe wa kuingia daraja la asilimia 40 ni kipato cha pauni 50,270 kwa mwaka, na wameugandisha hapohapo tangu 2021. Sasa wamesema hautaguswa hadi 2031. Mishahara inapanda, mpaka haupandi, na manesi wengi watajikuta ng'ambo ya pili bila kujua wamevuka lini. Chukua hati yako ya mshahara ya mwezi huu. Usitazame mshahara ghafi, tafuta ule mstari wa malipo yanayotozwa kodi tangu mwaka wa kodi uanze, ambapo mchango wa pensheni ya NHS, hiyo huduma ya afya ya serikali unakofanya kazi, umeshatolewa. Huo, ukiujumlisha na miezi iliyobaki hadi mwaka wa kodi uishe, ndio wa kulinganisha na 50,270.

Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Riba ya akaunti ya kawaida huhesabiwa kama kipato chako hata ile sehemu isiyotozwa kodi. Mshahara unaotozwa ukiwa 50,000 na riba 602, umeshafika 50,602. Umevuka, na msamaha wako umeshuka kuwa 500. Riba ya ISA haihesabiwi kabisa. Mtu aliye karibu na mpaka kama wewe anahitaji kulijua hilo kuliko kufukuzia nukta nne za asilimia.

Ningekuwa wewe, ningegawa. Pauni 4,000 zibaki kwenye akaunti ya kawaida, ile unayoweza kutoa muda wowote. Hizo ni za dharura, za tiketi ya ghafla ya Dar na ndege ya kushuka Mtwara ukisikia neno (Mungu apishe mbali). Pauni 10,000 za nyumba, ambazo mwenyewe umesema hutazigusa hadi 2029, ziende ISA. Kwa mpango huo utakosa kama pauni 40 za riba mwaka huu kama ukibaki daraja la chini. Mimi naona hiyo ni bei ndogo, kwa sababu unanunua nafasi. Kila mwaka wa kodi unaruhusiwa kuingiza pauni 20,000 kwenye ISA, na mwaka wao unaisha tarehe 5 Aprili. Nafasi usiyoitumia hadi siku hiyo imekufa, haihamii mwaka unaofuata. Halafu kwenye bajeti ya Novemba 2025, waziri wao wa fedha Rachel Reeves alitangaza kwamba kuanzia Aprili 2027 walio chini ya miaka 65 wataweza kuingiza pauni 12,000 tu kwa mwaka kwenye ISA ya akiba kama hii, na kodi ya riba nje ya ISA itapanda, asilimia 20 kuwa 22 na 40 kuwa 42. Mlango unapunguzwa upana, shoga. Ingiza mzigo sasa.

Mumeo naye ana nafasi yake ya pauni 20,000, kwa sababu ISA haifunguliwi kwa majina mawili. Kipato chake ni kidogo kuliko chako, kwa hiyo na ule msamaha wa elfu moja anao kamili. Lakini pesa ikiingia kwa jina lake ni yake kisheria. Hayo mtazungumza wenyewe chumbani, mimi si kungwi wa pesa.

Yeye alikuwa na wasiwasi wa riba, na ni haki yake. Mwambie benki za Kiislamu zipo huko, Al Rayan na Gatehouse kwa mfano. Zinawekeza na kukugawia faida, na zimekuwa zikitoa ISA pia. Mamlaka ya kodi inaitendea faida hiyo kama inavyoitendea riba, kwa hiyo hesabu zangu zote zinabaki palepale.

Ukifungua, soma kama ISA hiyo inaruhusu kutoa pesa na kuirudisha ndani ya mwaka uleule bila kupoteza nafasi. Nyingine haziruhusu. Na siku utakapopata benki yenye kiwango kizuri zaidi, usitoe pesa mwenyewe ukaipeleka. Jaza fomu ya kuhamisha kwenye benki mpya, wao ndio wataichukua kwa ile ya zamani. Ukiitoa kwa mkono wako, imetoka kwenye ISA, na kuirudisha kunakula nafasi ya mwaka. Usalama usikusumbue, mfuko wao wa fidia sasa unalinda hadi pauni 120,000 kwa mtu mmoja katika kila benki.

Huku kwetu hakuna kujikuna kichwa hivyo. Juzi nilichukua taarifa ya akaunti yangu ya muda maalumu hapa mjini. Foleni za malipo ya korosho zimepungua, kwa hiyo karani alikuwa na muda wa kunieleza. Mstari mmoja: riba, shilingi 412,500. Chini yake, tarehe ileile: kodi ya zuio, shilingi 41,250. Asilimia 10, imekatwa kabla sijaiona. Hakuna cha elfu ya kwanza wala cha daraja, anayeuza korosho tani kumi na anayeuza maandazi wanakatwa sawasawa.

Nakwambia hivyo kwa sababu unapanga kurudi. Ukishahama Uingereza unaweza kuiacha ISA yako ikiendelea, ila mwaka wa kodi uliohama ukiisha, huruhusiwi kuongeza kitu. Na msamaha ule ni wa kwao. Ukishatulia huku ukawa mkazi, TRA, mamlaka yetu ya mapato, wanahesabu kipato cha ndani na cha nje, na neno ISA kwao halina maana yoyote. Kwa hiyo ijaze ukiwa bado huko.

Nipigie picha ule mstari wa hati ya mshahara unitumie, funika jina na namba zako. Nikiuona nitakwambia kama ule mgawo wa nne na kumi unakufaa au tuongeze upande wa ISA. Usingoje hadi Machi inaisha, maana baadhi ya benki huchukua siku kadhaa kuhakiki mteja mpya, na tarehe 5 Aprili mwaka huu ni Jumapili.

Wasalimie watoto na baba yao.

Wako,
Zuhura